Karavani Iliyoelekea Kibla

Kama umewahi kupita njia ya Sur, kule Oman, ukaiacha Al Kamil nyuma na mitende ikaanza kupungua, huenda umeiona karavani ya Shukriya bila ya kujua kuwa ni ya Shukriya. Nyeupe, ina mstari wa bluu ubavuni, imekaa peke yake kwenye kiwanja kisicho na ukuta, na pembeni yake msingi wa nyumba ulioanzwa ukaachwa. Wenye magari walidhani ni ya Wazungu waliokuja kutazama mchanga. Lakini Wazungu gani hao wanaoanika nepi na makanga?

Shukriya alizaliwa Tabora. Wazee wake walirudi Oman yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, akasoma Ibra mpaka darasa la sita, kisha mama yake akaugua na yeye akabaki nyumbani kupika. Hakuona ubaya. Alikuwa mtu wa kutazama. Watu wakizungumza, yeye hutazama mikono yao. Alipoolewa na Mahrous, karani wa baladia, yaani manispaa, hapo Al Kamil, alijua watakaa nyumba ya kupanga kidogo, kisha watajenga yao. Hakuna aliyemwambia kuwa kati ya nyumba mbili hizo kutakuwa na kibanda cha magurudumu.

"Miezi michache tu," alisema Mahrous, siku aliyoivuta karavani ile kwa pikapu mpaka kiwanjani. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja. Alikuwa ameinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. "Mkandarasi akimaliza msingi, kuta zinapanda. Wewe jione kama uko safarini."

"Safarini kwenda wapi?"

"Popote upendapo. Si ina magurudumu?"

Alijiona amesema jambo la kuchekesha. Shukriya alimtazama yeye, akamtazama na mtoto wao Raghad, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, kisha akaingia ndani kutafuta pa kuweka sufuria. Mkandarasi alimaliza msingi, akawachukua vibarua wake akaenda nao kwenye kazi nyengine, na tangu hapo simu yake ikawa haipokelewi.

Kila kitu ndani ya karavani kilikuwa na tabia yake, na Shukriya alizisoma tabia hizo kama mtu anavyozisoma tabia za mawifi. Pampu ya maji haitoi maji mpaka uikanyage kwa mguu, na ukiikanyaga kwa hasira inatema hewa. Jiko lina macho mawili. Moja linawaka, la pili linawaka likipenda. Choo ni sanduku linalovutwa kwa nje likaenda kumwagwa shimoni, kazi ambayo Mahrous alisema ataifanya yeye kila siku, na kweli aliifanya, mara moja.

Halafu friji. Friji ile ilijengewa ukutani, na haikuwa ya umeme, maana umeme wenyewe ulikuwa haujafika kiwanjani. Iliendeshwa kwa mtungi wa gesi. Zamani mtu angemwambia Shukriya kuwa kuna moto unaotengeneza barafu, angemwambia aende akalale. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Unalala kifudifudi sakafuni, unabonyeza kifundo na kukishikilia mpaka kidole kife ganzi, unabonyeza cha pili kinachopiga cheche, huku jicho moja umelibana kwenye kitundu ukitafuta mwali wa bluu. Ukiuona, unazidi kushikilia, ndipo unaachia pole pole. Ukiachia mapema, unaanza upya. Upepo ukipuliza kwa nje, unaanza upya. Mtoto akikupanda mgongoni, unaanza upya.

Hata hivyo ilipoa. Ilipoa kimya kimya, haina mngurumo kama friji za watu wengine, na asubuhi maziwa ya Raghad hutoka humo mazuri. Shukriya alikuwa amekwisha kuisamehe.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Bi Ghanima alipokuja.

Bi Ghanima ni mama yake Mahrous, mtu wa Unguja mjini, aliyehama akiwa mke wa mtu na watoto wawili mkononi, na mpaka leo akizungumza utadhani katoka Mkunazini asubuhi hiyo. Alikuwa akikaa Maskati kwa binti yake Fakhriya, ghorofa ya tatu. Siku moja alipiga simu akasema hewa ya Maskati nzito, haimfai, anakuja kwa mwanawe. Ngazi hakuzitaja.

Alishuka garini na sanduku moja, msala wake umekunjwa kwapani, na kijisanduku cha dawa.

"Shikamoo Mama," Shukriya alimpokea.

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo nyumba, au ndiyo gari?"

"Ndiyo nyumba, Mama. Karibu."

"Ahsante. Kibla wapi?"

Hapo ndipo yalipoanza. Ndani ya karavani pana kijia kimoja tu, kutoka nyuma kwenye vitanda mpaka mbele kwenye benchi, upana wake msala mmoja. Na karavani ilikuwa imelala kaskazini na kusini. Mtu akitaka kuelekea kibla, lazima asali kwa upana, kichwa chake kiishie kwenye kabati la chini ya jiko.

"Nisujudie sufuria?" alisema Bi Ghanima. "Hasha. Mahrous! Igeuze."

"Mama, hii ni karavani, si kiti."

"Si uliniambia kwenye simu ina magurudumu?"

Mahrous akaigeuza. Alifunga pikapu, akavuta, akarudi nyuma, akavuta tena, mama yake amesimama mchangani ananyoosha mkono kuelekea Makka kama askari wa barabarani. Ilipotulia, pua ya karavani ilikuwa inatazama kibla barabara, na dirisha la jikoni, lililokuwa likileta upepo mzuri, sasa lilileta jua. Shukriya alifunga pazia. Ni mama wa mumewe, amekuja kupumzika, na Sala si kitu cha kubishaniwa.

Haukupita muda Bi Ghanima akataka jambo jengine. Karavani iinuliwe mbele, kidogo tu.

"Kwa nini, Mama?" aliuliza Mahrous.

"Maji ya kuoshea vyombo yateremke nyuma. Hayateremki."

Yalikuwa yanateremka. Shukriya ndiye aliyekuwa anaosha vyombo, naye hakuwahi kuona maji yaliyokataa. Lakini Mahrous alikuwa mtoto wa mama yake. Alileta jeki, akainua mbele, akapanga matofali ya saruji chini ya gurudumu dogo, na kuanzia hapo mtu akitoka kitandani kwenda jikoni alihisi anapanda.

Wiki hiyo hiyo ukavuma upepo mkubwa wa mchanga, na joto likaanza kujitangaza. Na friji ikafa.

Haikufa kwa kishindo. Ilianza kwa maziwa kuwa na ladha ya jana, kisha siagi ikawa mafuta, kisha siku moja Shukriya alifungua mlango akapigwa na pumzi ya vuguvugu usoni kama ya mbuzi. Mwali ulikuwepo, wa bluu, mzuri kabisa. Moto unawaka na baridi hakuna.

Maziwa yangeweza kununuliwa mengine. Ila mlangoni mwa friji, pale panapowekwa mayai, zilikaa chupa za dawa ya sukari ya Bi Ghanima. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amemfundisha Shukriya kumdunga, asubuhi na jioni, na maneno yake yalikuwa machache: dawa isigande na isipate joto, ikipata joto inakuwa kama maji, unamdunga mtu maji. Na Bi Ghanima alikuwa ameungua kidole cha mguu kwa mchanga wa adhuhuri. Kijidonda kidogo, cha kupona chenyewe kwa mtu mwengine. Kwake hakikupona. Kikawa chekundu, kisha cheusi pembeni, na daktari akakitazama kwa kuinamisha kichwa, akasema sukari iko juu sana, isiposhuka kidole hicho hakitabaki.

"Hakitabaki kitakwenda wapi?" Bi Ghanima alimuuliza kwa Kiarabu. Daktari hakucheka.

Kuanzia siku hiyo Shukriya hakuwa na raha. Alisugua bomba la moto kwa mswaki akatoa mchanga. Alibadilisha mtungi wa gesi. Alitoa kila kitu ndani, akafuta, akarudisha. Mahrous akawa analeta barafu kutoka dukani Al Kamil, wanaitia ndani ya ndoo pamoja na chupa, na kabla ya alasiri chupa zinaelea kwenye maji yanayofaa kuogea. Bi Ghanima alikuwa na kiu isiyokwisha. Anakunywa maji, anakwenda chooni, anakunywa maji. Na sanduku la choo likijaa, nani analimwaga? Shukriya alilivuta mchangani jua la mchana, mtoto analia ndani, mkwe anaita "Shukriya, maji yangu!", naye anajibu "Abee Mama, naja!" kwa sauti tamu, na meno yamebanana.

"Friji haitaki kushikwa shikwa ovyo," Bi Ghanima alimwambia. "Nyie wa bara mnavishika vitu kwa nguvu."

"Labda, Mama."

"Kwetu tulikuwa na friji ya mafuta ya taa. Marehemu baba yake Mahrous alikuwa akiiwasha kwa adabu."

Shukriya aliweka kikombe chini. Alikiweka kwa adabu.

Mwishowe Mahrous alimpigia simu Zuhair, fundi wa mafriji na viyoyozi wa Ibra, naye mtoto wa watu wa Pemba.

"Ilete niione," alisema Zuhair.

"Haitoki. Imejengewa ukutani."

"Basi ilete na ukuta wake."

Mahrous aliichukua kama mzaha, mpaka alipoona mkewe ameanza kufunga makabati kwa kamba. Wakaivuta nyumba. Sufuria zilitandikwa kitandani, vyombo vikafungwa kangani, Bi Ghanima akakaa mbele, mguu umefungwa kitambaa na Raghad mapajani, Shukriya akabanwa katikati, gia ikimgonga goti kila Mahrous akibadilisha. Walipopita Al Mintirib, Wazungu waliokuwa wanapakia mizigo kwenda kambi za mchangani waliwapungia mkono kwa furaha. Bi Ghanima naye akawapungia.

"Watu wazuri," alisema.

"Wanadhani na sisi tunatembea, Mama."

"Kwani hatutembei?"

Ua la karakana ya Zuhair lilikuwa la saruji, safi, limepigwa sawa. Waliiegesha karavani hapo, Shukriya akalala kifudifudi, akawasha friji ili fundi aone ilivyo. Zuhair alifungua mlango, akafunga. Akazunguka nje, akachungulia matundu. Akarudi.

"Mota yake iko wapi?"

"Haina," alisema Shukriya.

"Friji haina mota? Basi hiyo si friji, dada, hilo kabati." Akaligonga ubavuni kwa kiganja, mara mbili, jinsi mafundi wanavyogonga kitu wasichokijua. "Iacheni iwake. Nikasali nile, nikirudi tutaona."

Wakakaa kungoja. Bi Ghanima akishadungwa hawezi kukaa na njaa, hata kama dawa yenyewe ina mashaka, basi Shukriya akakoroga unga wa mchele na tui aliouchachusha tangu alfajiri, akachoma vibibi kwenye lile jicho moja la jiko. Vilitoka vizuri siku hiyo, duara, unene mmoja, vimetoboka vitundu juu sawasawa. Hata Bi Ghanima alikula bila ya kusema neno, na hilo kwake ni sifa kubwa.

Zuhair aliporudi ilikuwa alasiri. Aliingiza mkono ndani ya friji, akautoa, akauingiza tena. Akatoa kibati cha barafu. Maji yalikuwa yameshika ngozi juu.

"Dada," alisema taratibu, "mmeivuta nyumba kutoka Al Kamil mpaka hapa kuja kunionyesha friji nzima?"

"Haikuwa ikipoa!"

"Inapoa. Tia mkono."

Alitia mkono. Ilipoa.

"Nilisema mimi," alisema Bi Ghanima kutoka kwenye benchi. "Imepata mwanamume wa kuishika vizuri."

Shukriya alikwenda nje kuvuta pumzi, akajikuta amesimama mbele ya ukuta, anautazama.

Walirudi jioni na chupa mpya walizochukua njiani kwenye kituo cha afya. Mahrous akaiweka karavani pale pale, pua kwenye kibla, akapanga na matofali yake mbele, maana mama yake alikuwa amekwisha kuuliza yako wapi. Shukriya akawasha friji, akapanga chupa mlangoni, akamwomba Mungu. Kesho yake mchana akafungua. Si vuguvugu, joto. Kama mfuko wa kanzu ya mtu aliyekaa juani.

Alikaa chini sakafuni akacheka. Alicheka mpaka Raghad naye akacheka bila ya kujua sababu.

Mchana huo akakoroga unga uliobaki, kwa kuwa watu lazima wale, akamimina kibibi kikaangoni. Unga ukateremka. Ukaondoka upande wa mbele, ukakusanyika upande wa nyuma, kikatoka kitu kinene huku kimeungua kule. Akamimina cha pili, hivyo hivyo. Na vyote alivyovichoma tangu yale matofali yalipowekwa vilikuwa hivyo hivyo, naye akilaumu jiko, akilaumu unga, akijilaumu mwenyewe. Ila jana. Jana kwenye saruji ya Zuhair vilitoka duara.

Mwiko mkononi, aligeuka akaitazama friji.

Akachukua bakuli la kioo, akalijaza maji nusu, akaliweka sakafuni mbele ya friji. Maji yalilala upande, yanakaribia ukingo wa nyuma. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Chochote kinachopita ndani ya mabomba ya kitu kile, kinataka kukaa sawa kama unga unavyotaka, na wao wameilaza friji ubavu, halafu wanaisugua kwa mswaki.

Mahrous aliporudi kazini alimdaka nje, kabla hajazima gari.

"Ni matofali."

"Matofali gani?"

"Uliyoweka mbele. Friji haitaki kulala upande. Kule Ibra ilikaa sawa, ikapoa. Yatoe."

Mahrous alikuna shingo. "Mama ndiye aliyeyataka."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Mama yako!"

"Mkwe wako!"

"Mahrous, kidole kinaoza, na wewe unanitajia ukwe?"

"Matofali hayatoki!" ilisema karavani. Kuta zake zilikuwa nyembamba kama bati la biskuti, na Bi Ghanima masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote.

Shukriya aliingia ndani amejaa maneno. Lakini adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kusikika na Bi Ghanima amesimama kwenye msala, basi akakaa kwenye ukingo wa kitanda akangoja, na kama kawaida yake akatazama mikono. Mkono mmoja ulikuwa umeshika benchi. Mama aliporukuu, ukahamia kabatini. Alipokuwa anashuka kusujudu, mikono yote miwili ilitangulia ikitetemeka, na sakafu, kwa kuwa ilikuwa imeinuka mbele, ilimpokea mapema. Paji la uso lilifika kabla magoti hayajakunjika yote. Akainuka kwa kujisukuma, mdomo umekazwa, akashuka tena.

Kumbe ndiyo hayo maji ya kuoshea vyombo.

Huruma ilimjia Shukriya, lazima niseme, na hasira nayo haikuondoka. Zikakaa pamoja, zimebanana kama watu wa karavani ile. Nyumba imevutwa mpaka Ibra! Sanduku la choo, barafu, mswaki, kebehi za bara na pwani, yote hayo kwa sababu ya magoti ambayo mwenyewe hataki yatajwe.

Bi Ghanima alipotoa salamu na kukunja msala, Shukriya alifungua friji, akatoa chupa, akamwekea kiganjani.

"Ishike, Mama."

"Mbona ya moto?"

"Hiyo ndiyo ninayokudunga."

Bi Ghanima aliigeuza geuza. "Si ulisema friji imepona?"

"Ilipona ilipokaa sawa. Hapa haikai sawa. Mama, kaa kwenye kiti usali. Tutakuwekea kiti nje, kivulini, usihangaike."

"Mie?" Bi Ghanima alijinyoosha. "Kiti wanasalia wazee."

"Mama..."

"Mama yangu mie alisali kwa miguu yake mpaka siku aliyokufa. Hakutiwa kitini. Nikae kitini, halafu watu waseme Ghanima kesha kwisha?"

"Watu gani, Mama? Hapa tupo mimi na wewe, mwanao, mtoto huyu, na mbuzi wa jirani. Mbuzi ndio watasema?"

"Usinicheke."

"Sikucheki." Sauti ya Shukriya ilipanda, na haikuwa imewahi kupanda mbele ya mkwe. "Nakudunga bure! Asubuhi nakutoboa, jioni nakutoboa, mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na najua ni maji. Unajua uchungu wake? Kikikatwa hicho kidole, kikifuata na mguu, huko kusujudu utasimamia nini?"

Raghad alikuwa chini anatafuna tasbihi ya bibi yake. Nje Mahrous alikuwa amejitia kazi ya kukagua tairi.

"Una ulimi, we mtoto wa bara," Bi Ghanima alisema mwishowe.

"Nimejifunza humu ndani."

Magharibi mama alisali pale pale, kwenye mteremko wake, na Isha vile vile, na kila alipoinuka alimtazama mkwe wake ili mkwe aone kuwa ameinuka. Shukriya aliosha vyombo akiikanyaga pampu kwa nguvu zote, pampu ikatema hewa.

Asubuhi Mahrous alikuwa anaingia garini kwenda kazini, mama yake akatokea mlangoni, ameshika fremu.

"Mahrous! Haya matofali nani kayaweka?"

"Mama, si wewe uliyesema..."

"Nauliza, nani kayaweka kwa mkono wake?"

Mahrous alimtazama mkewe, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi na nepi. "Mimi, Mama."

"Basi yatoe. Watu wazima na akili zenu mnailaza nyumba upande kama punda mgonjwa, vyakula vya watu vinaoza! Yatoe sasa hivi, yalla, huko kazini watakungoja."

Mahrous akavua kanzu yake ya dishdasha, akabaki na fulana na wizari kiunoni, akaleta jeki. Shukriya alilala sakafuni na bakuli lake la maji.

"Shusha!" alipiga kelele. "Shusha tena! Basi! Nimesema basi, umepitiliza, maji yamekimbilia mbele. Pandisha. Kidogo, Mahrous, kidogo! Sasa upande wa kulia, weka ubao. Si huo. Kulia kwangu!"

"Kulia kwako nitakujuaje, mimi niko chini ya gari!"

"Upande wa mitende!"

Ubishi uliendelea mpaka maji yalipotulia katikati ya bakuli, duara moja lisiloegemea popote. Shukriya akazima friji, akaiacha ipumzike, akaiwasha tena. Ilimchukua mara kadhaa, kwa kuwa Raghad alimpanda mgongoni. Mahrous alikwenda kazini amechelewa, na mchanga masikioni.

Adhuhuri Bi Ghanima alitoka nje mwenyewe, akakokota kiti cha plastiki mpaka kwenye kivuli cha karavani. Mguu mmoja wa kiti ulizama, akakisogeza, akasonya. Shukriya alipoona hivyo akarudi ndani upesi, akajitia anatafuta kibanio cha nguo kwenye droo, akakitafuta mpaka Sala ilipokwisha, ingawa mikono yake ilikuwa imejaa vibanio.

Chupa zilizopata joto zilitupwa, muuguzi akatoa nyengine akigomba, na zikalala usiku mzima kwenye friji iliyokaa sawa. Asubuhi Shukriya alipofungua mlango, baridi ilimgusa vidole vya miguu. Chupa ilikuwa na umande. Kidole cha Bi Ghanima kilikuwa bado kibaya, na kingebaki kibaya kwa muda, hilo alilijua. Lakini leo angalau kinachokwenda kupambana nacho ni dawa.

Alivuta kipimo kwenye sindano, akaikunja kanga ya mama, akadunga.

"Ah! Yarabi! Baridi hii!" Bi Ghanima aliruka. "Unanidunga barafu? Kwani hukufundishwa kuishika mkononi kwanza ipate joto?"

Jioni ilipofika, kabla ya kuvuta dawa, Shukriya aliifumbata ile chupa kwenye kiganja, akasimama katikati ya kijia, mkwe wake amekunja kanga yake anamsubiri na kumhimiza, akangoja ipate joto.